Dumu Lililorudi na Kengele ya Guku

Jamani, leo sina pa kuuficha uso wangu. Nipo Bariadi mjini, kwenye intaneti kafe, suruali imekaukiwa na tope magotini, na mwenye kafe ananitazama kama mwizi. Niacheni nimalize kwanza, halafu mtasema.

Kazi yangu mnaijua. Tunapima mikondo ya maji ya chini ziwani, upande wa Lamadi. Unachukua dumu la njano, unalifunga kamba ndefu, na huko chini unaning'iniza gunia la pamba lililotanuliwa kwa vijiti, na jiwe la kulivuta. (Gunia tuliomba kwa dereva wa wanunuzi binafsi. Siku hizi wanunuzi wa pamba ni wengi kuliko pamba yenyewe.) Maji ya chini yakilishika gunia, dumu linafuata huko juu, hata kama upepo unalisukuma kwingine. Sisi tunaangalia limeelekea wapi.

Bosi wangu alianzia kazi hii baharini. Anasema huko vyombo vyao vya kupimia vinazama kabisa, vinasafiri gizani na mkondo, na vinatoa mlio ili wenyewe wajue viko wapi. Mimi nikalishika hilo neno mlio. Mtoto wa mfugaji wa Nkololo, ng'ombe anayependa kupotea unamfanyaje? Unamvalisha kengele. Nikaiomba kwa bibi ile kengele ya dume la marehemu guku, babu yangu, nikaifunga kwenye dumu. (Nilijiona mtaalamu kweli kweli.) Dumu hilo likapotea siku ile ile. Bibi sijamwambia mpaka sasa.

Sasa, wazee wa pale ufukweni wamelalamika. Tangu tuanze, ng'ombe wao wanasitasita kunywa maji, kwa hiyo wanataka madumu yote yaondoke. Asubuhi hii bosi akanituma mimi, kwa kuwa Kisukuma ni changu, na akasema wazi kwamba wakikataa kazi imekufa na mimi nirudi kwa baba kupalilia pamba.

Nikafika ukungu bado umetanda. Mzee Masanja, ambaye akisema pale wote wananyamaza, alikuwa amesimama na wenzake, ng'ombe wanakunywa. Nikawaamkia mwangaluka, wakaitikia, nikaanza hotuba. Nikaeleza gunia, nikaeleza kamba, nikaeleza maji ya chini. Nikasema ziwani hakuna mtu wala pepo, kuna maji tu. Nilisema vizuri mpaka nikajipenda. Mzee Masanja akaanza hata kuitikia kwa kichwa.

Ng'ombe wakaacha kunywa. Wote kwa pamoja, vichwa juu, wanatazama majini.

Ndipo tukaisikia. Ko. Kimya. Ko. Kengele nzito ya dume, inatoka ndani ya ukungu. Upepo ulikuwa unatupiga migongoni kuelekea ziwani, lakini ile sauti ilikuwa inakuja kwetu, taratibu, kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba. Mlio ule nimekua nao. Jioni tukiusikia tulijua guku anarudi na mifugo, tunakimbilia kufungua zizi. Na guku tulimzika, nilishika jembe mwenyewe.

Kitu kikajitokeza. Kichwa tu juu ya maji, cheusi, kimefunikwa na majani, kinakuja huku upepo ukikikataza. Wazee wa watu wakabaki wamesimama. Mimi, mtaalamu, nikapiga magoti kwenye tope.

"Guku, ni mimi Shija," nikasema, na nililia, sifichi. "Kengele nitairudisha. Usinichukue."

Kile kitu kikaja mpaka mbele ya magoti yangu, kikagota topeni, kikabiringika. Majani yakaanguka. Chini yake njano. Dumu. Kamba. Gunia la pamba.

Mzee mmoja akaanza kucheka kwa pua, wakamfuata wote, mwingine akakaa chini kabisa. Mzee Masanja akafuta machozi, akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo hakuna mtu, kuna maji tu?"

Nikainuka. Nikaona niokoe kazi kwa kilichobaki. Nikaifungua kengele kwenye dumu niwaonyeshe kwamba ni chuma tu, nikaitikisa mbele yao.

Haikulia.

Nikachungulia ndani. Ilikuwa imejaa tope na konokono mpaka mdomoni, ulimi wake umeganda pembeni, hautikisiki hata kwa kidole. Mzee Masanja akaichukua, akaitikisa mwenyewe, akanirudishia haraka. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Ng'ombe walikuwa wameshageuka, wanaondoka bila kuswagwa.

"Endeleeni na kazi yenu," akasema. "Ila kila dumu likiingia majini, wewe ndiye utakayeliamkia kwanza. Kwa magoti, kama leo."

Basi kazi imepona, bosi anafurahi, na kuanzia kesho mimi ni mtu wa kupigia madumu magoti mbele ya wavuvi. Nimeanza safari ya kumrudishia bibi kengele yake, nimepitia hapa kuwaandikia. Chekeni tu. Kengele iko hapa mezani karibu na kompyuta, tope lake bado limo, sijaigusa tangu nikae, na mwenye kafe amekuja sasa hivi kuniomba niache kuigonga.