Mkalimani wa Dada Saida

Jumanne, 15 Julai 2025
Kesi yangu ni Ijumaa. Mbuzi wa Ignasi, jirani yangu hapa Njinjo, wamekula mbaazi zangu. Nadai fidia ya shamba zima! Aliyeona ni mmoja tu, dada yangu Saida, kiziwi tangu utotoni. Watu wananionea huruma. Hawajui! Saida atasema kwa mikono, mimi nitatafsiri. Ndiyo kazi yangu miaka yote. Wageni wakija mezani huwaambia dada anasema kichwa cha samaki apewe kaka yake. Hajawahi kupinga.

Jumatano, 16 Julai
Balaa! Karani wa mahakama kapiga simu. Ati nisihangaike kutafsiri. Jana Saida alikwenda mwenyewe, akamwonyesha ujumbe kwenye simu: anaomba mkalimani wa lugha ya alama, asiye ndugu wa mtu yeyote kwenye kesi. Asiye ndugu! Karani anasema ni haki yake. Anakuja mama mmoja wa Mitwero, Lindi, anaitwa Consolata.
Nimemuuliza Saida mbona hakuniambia. Akanijibu kwa mikono, polepole, kama anayemfundisha mtoto: mbona hukuniuliza?

Alhamisi, 17 Julai
Consolata kafika. Nikampelekea jogoo nyumba ya wageni. Nikamweleza kwamba ni ukarimu tu, ila dada yangu ana mikono ya haraka, akishindwa kumfuata amalizie kwa kusema shamba zima limeliwa. Akacheka. Akasema yeye hutafsiri lililosemwa, lisilosemwa halijui. Akakataa kumpokea jogoo.
Wakati wa kurudi jogoo akanichoropoka. Nani kamkimbiza, kamkamata, kaniletea huku anahema? Ignasi! Hata wema wake unaudhi.

Ijumaa, 18 Julai
Nilikaa katikati ya Saida na Consolata, kwa bahati mbaya. Hakimu akaniambia nihame, shahidi amwone mkalimani wake. Nikahamia dirishani. Akasema nawazibia mwanga. Nikaishia benchi la nyuma.
Hakimu akamwambia Saida asiwe na haraka, na asipoelewa swali ainue mkono. Basi dada akasimama. Looo! Sijapata kumwona vile. Mikono inaruka, macho yanacheka. Akaigiza mbuzi wa Ignasi wakila tuta moja, kwa adabu. Halafu mbuzi mwingine, mnene, mwenye ndevu, akifagia matuta yaliyobaki kama yuko harusini.
"Huyu ni mbuzi wa kaka yangu," Consolata akatafsiri.
Kisha akaigiza mtu anayeng'oa miti ya uzio apate njia ya mkato kwenda kunywa togwa kwa Ignasi. Mtu mwenyewe anatembea kama bata. Watu walimtambua kabla ya tafsiri! Hakimu alifuta machozi kwa leso. Mimi nilijikaza, nikashindwa, nikacheka kuliko wote. Dada yangu huyo!
Uamuzi: Ignasi alipe tuta moja, uzio nijenge mimi. Saida akaulizwa kama ana la kuongeza. Analo. Kuanzia leo kichwa cha samaki ni chake.
Nje, Consolata akawaonyesha watu namna viziwi wanavyopiga makofi. Mikono yote juu, inatikisika kama majani. Saida alilia, akacheka, akanikumbatia. Ignasi naye akanikumbatia. Sikuwa na pa kukimbilia.

Jumamosi, 19 Julai
Ignasi kaja na msumeno, tumejenga uzio pamoja. Mtu mwema. Nitakata rufaa.
Maana jana nimejifunza jambo kubwa: mahakama humsikiliza mwenye mahitaji. Na mimi nina goti! Nitaomba kesi isikilizwe hapa barazani kwangu, nikiwa nimelala kwenye mkeka, mto chini ya mguu, na Ignasi asimame juani.
Nimeanza kuchechemea tangu asubuhi. Saida kaniangalia mpaka kachoka, kisha kaniuliza ni goti lipi.
Bado sijaamua.