Skana, Asali na Duka la Mangateen

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo biashara ya Hai Malakal, hapa Juba, imeingia zama mpya na hakuna hata mtu mmoja aliyepiga makofi. Nimeleta skana! Ndogo, nyeusi, ya kushika mkononi, ina taa nyekundu. Unaielekeza kwenye ile mistari myeusi iliyo mgongoni mwa bidhaa, inalia pii, na simu yangu inajua ni kitu gani na vimebaki vingapi dukani. Nimeipata kwa Makur, fundi simu wa soko la Konyokonyo. Nimempa godoro langu. Nitalala juu ya maboksi mpaka nipate cheo.

Na cheo kipo. Shangazi Ayak, mwenye duka, anafungua lingine mtaa wa Mangateen. Jumapili baada ya ibada Pasta Robert atakuja kutuombea, na hapo hapo Shangazi atamtaja msimamizi wa duka jipya. Ni mimi Ajak au ni Scovia, muuzaji mwenzangu. Mimi nimesomea biashara Nakuru, karibu nimalize. Scovia kakulia Adjumani, Uganda, na sifa yake kubwa ni kumbebea Shangazi Biblia.

Nikamwonyesha Shangazi skana. Akauliza inakula nini. Nikamwambia chaji. Scovia akadakia kwamba yeye iko na macho, na macho haiombi chaji. Shangazi akacheka. Dada wa baba yangu, akamchekea mtu baki!

Jumanne, 7 Oktoba

Siku ya kwanza ya kuhesabu mali. Sukari imefungwa kwenye vifuko vya nailoni, haina mistari. Vitunguu, hakuna. Sabuni ya mche Scovia amekwisha kuikata vipande, na mistari imeenda na kipande alichouza asubuhi. Alifanya makusudi. Nimemulika yai hadi mkono ukachoka. Kimya.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimegundua jambo la kutisha. Hili duka ni uongo mtupu.

Dakwa, yaani karanga za kusaga, Shangazi huijaza kwenye makopo ya mayonezi yaliyokwisha. Mafuta ya simsim yamo kwenye chupa za maji. Sabuni ya maji imo kwenye chupa za soda. Asali ya Yei imo kwenye chupa nzuri za kioo ambazo Mzee Albino, mzee wa kanisa letu, humletea Shangazi kwa gunia. Hizo za asali Shangazi huzikwangua karatasi ya mbele kwa kisu, yeye mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Sikuuliza kwa nini. Mimi ni mtu wa mambo makubwa.

Basi simu inasema tuna mayonezi ya kulisha mtaa mzima, maji tele, na dakwa hakuna. Nikampelekea Shangazi taarifa. Akauliza dakwa yake imeenda wapi. Nikamweleza kwa heshima kwamba kwa ushahidi uliopo, hajawahi kuwa na dakwa. Akafungua kopo, akachota kwa kidole, akanitia mdomoni. Akauliza hiyo ni nini. Nikasema kwa ulimi ni dakwa, ila kwa mfumo ni mayonezi. Scovia alicheka mpaka akakaa chini.

Shangazi akasema kalas, imetosha, nikwangue mistari yote ya zamani kabla ya Jumapili, kila chombo, halafu nibandike stika zangu zenye mistari mipya. Mashine inasema kweli, duka linadanganya, na anayepewa adhabu ni mimi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekwangua tangu jana. Kucha zimeisha. Mgongo unauma kwa sababu ya maboksi. Scovia anapita na chai, anauliza skana haiwezi kukwangua.

Makopo na chupa za plastiki nimemaliza. Za asali nimeziacha. Shangazi alishazikwangua mbele, zimetakata, na kurudia kazi ya mtu mzima ni kumkosea adabu. Muda huo nimeutumia kwa jambo la maana zaidi: simu sasa inaongea! Ukimulika kitu, mama wa Kizungu anakitaja kwa jina. Nimeazima spika ya kwaya ya vijana ili Jumapili asikike hadi barabarani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua. Scovia anapika mandazi ya wageni. Mandazi! Tunazungumzia mustakabali wa biashara, mtu analeta unga.

Lakini jioni nilimfanyia Shangazi jaribio. Nikamulika majani ya chai, mama wa Kizungu akasema chai. Nikamulika biskuti, akasema biskuti. Shangazi akasema huenda duka la Mangateen linahitaji kitu kama hiki. Akanishika bega. Tangu nije Juba hajawahi kunishika bega. Nimekaa juu ya maboksi yangu nikicheka peke yangu. Nikipata hilo duka, nitapiga picha mlangoni niwatumie wote wa Nakuru waliosema sitafika popote.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika kwa hasira.

Walikuja wote. Pasta Robert, mkewe Mama Janet, akina mama wa umoja wa kanisa ambao Shangazi ndiye mwenyekiti wao, na Mzee Albino ndani ya suti na mkewe Florence. Nikamulika majani ya chai. Makofi. Biskuti. Makofi na vigelegele. Shangazi alikuwa amenyoosha shingo kwa fahari, nilimwona kwa macho yangu.

Pasta akaomba ajaribu mwenyewe. Nikampa skana. Kati ya vitu vyote vilivyomo dukani akachukua chupa ya asali.

Pii. Mama wa Kizungu akatangaza, kwa spika ya kwaya: wiski, chupa kubwa.

Boda mbili zikasimama barabarani. Pasta akajaribu chupa ya pili. Wiski tena, ya Uskoti, iliyokaa miaka mingi. Mama Janet akamuuliza Shangazi kwa upole ameanza lini. Shangazi akasema ni asali, waonje. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Nani angeokoa jahazi kama si mimi? Nikawaeleza wageni kwamba mashine hii haikosei kamwe. Na ili kuthibitisha nikamulika rafu yote. Wiski. Wiski. Brandi. Wiski. Shangazi akanitazama vile anavyotazama panya kwenye unga.

Ndipo akasema chupa zote huletwa na Mzee Albino. Tukageuka. Mzee Albino akasema anaziokota hotelini. Florence akasema, bila kuinua sauti, kwamba hoteli hiyo ni chumba chao cha nyuma.

Hapo Scovia akachukua andazi, akalichovya kwenye asali, akala mbele ya watu wote. Akachovya la pili, akampa Pasta. Pasta akala, akafumba macho, akasema malesh, samahani, ni asali, na nzuri kweli. Maombi yakaendelea. Baada ya amina Shangazi akamtaja Scovia.

Kwa andazi! Mimi nimetoa godoro langu. Mimi nilisema kweli tupu, mtu mwingine alidanganya kwa kukwangua karatasi ya mbele, mwingine alikunywa, na aliyekosa duka ni mimi. Nilienda nyuma ya choo nikalia. Naandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Shangazi amenituma Lemon Gaba, pembeni mwa mji, nichunge mbuzi wake mpaka akina mama wasahau. Amesema huko hakuna chupa. Scovia alinifungia mandazi ya njiani. Nimeyala yote, kwa chuki.

Sasa niko hapa nawatazama hawa mbuzi, na nimeona kitu ambacho Shangazi hakuona. Mbuzi hamwagwi kwenye chombo cha mwenzake. Nje mbuzi, ndani mbuzi! Nimebandika stika zangu zote, kila mbuzi na yake, kabla jua halijawa kali.

Adhuhuri. Wametafuniana stika. Hakuna hata moja iliyobaki.

Kosa ni la karatasi. Nimemwandikia Makur anitafutie stika za plastiki. Blanketi bado ninalo.