Jalada la Fremu ya Hurumzi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wamesema wazee, na Suhaib hakuwahi kuwabishia. Aliongeza tu kwamba hawakusema popote kuwa anayeinama lazima awe yeye.

Kwa msingi huo alifungua darasa. Kila Jumamosi asubuhi, juu ya paa la nyumba ya shangazi yake Shangani, aliwafundisha watumishi wa watu namna ya kuacha kazi na kufungua biashara zao. Walikuja walimu, manesi, makarani, na mpishi mmoja wa hoteli aliyekuja na kofia yake ya kazini makusudi ili aivue mbele za watu. Suhaib alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake. Vespa yake ya buluu aliiegesha chini, mahali ambapo kila apandaye ngazi sharti aipite.

"Mshahara ni kamba ya mbuzi," aliwaambia. "Mwisho wa mwezi inarefushwa kidogo, mbuzi anadhani kaachiwa."

Masomo yalikuwa matatu. La kwanza, mfanyabiashara hajiulizi mara mbili. La pili, mfanyabiashara hasomi makaratasi, anasaini. La tatu alilitoa kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoboa siri ya ukoo: anza kwa mtaji wa mwenzio. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kazi moja tu maishani, ya mapokezi katika hoteli ya huko Uroa, na ukweli ni kwamba kazi ndiyo iliyomwacha.

Jumamosi ya tatu akamwona Bi Salhiya. Mama huyu alikaa safu ya mbele, mkoba magotini, akiandika kila neno kwa wino wa kijani. Alikuwa karani wa masjala, mlinzi wa majalada, kwa miaka ishirini na sita katika ofisi moja ya serikali. Sasa anastaafu kwa hiari, na kiinua mgongo chake kinatoka baada ya mwezi. Suhaib aliposikia habari ya kiinua mgongo, alihisi mgongo wake mwenyewe unanyooka.

"Shikamoo, Bi Salhiya."

"Marahaba, mwanangu."

"Biashara gani unataka kufungua?"

"Biashara nnayo kichwani. Nnatafuta fremu ya duka. Ndani ya Mji Mkongwe, watu wapite mlangoni."

"Subhanallah," akasema Suhaib. "Mimi nnayo. Hurumzi."

Hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ufunguo. Fremu ilikuwa mali ya Mzee Laxmidas, muuza vitambaa aliyehamia Dar es Salaam kwa binti yake miaka tisa nyuma, akamwachia Suhaib kazi ya kufungua madirisha kila wiki ili nyumba ipate hewa. Kwa miaka hiyo tisa nyumba ilipata hewa mara mbili.

"Mzee Laxmidas ameshafariki," Suhaib alieleza kwa huzuni ya kipimo. "Akaniachia mimi. Tulikuwa kama baba na mwana."

Mpango ulikuwa mwepesi. Bi Salhiya angelipa kilemba, ile fedha ya mkupuo anayopewa mwenye fremu ili akupishe uingie. Suhaib angekipokea asubuhi, na adhuhuri ingemkuta ng'ambo ya maji, kwenye mji mkubwa usio na mtu wa kumtafuta.

Bi Salhiya alikubali palepale. "Lakini bila jalada mimi siwezi, mwanangu. Mkono wenyewe unakataa."

Kesho yake alikuja Hurumzi na jalada jipya la kaki. Folio ya kwanza, yaani karatasi ya kwanza ya jalada, ilikuwa tamko: mimi Suhaib bin Mahfoudh ni mrithi wa fremu hii baada ya kifo cha mwenyewe. Suhaib akasaini kwa madaha. Karatasi ikatobolewa, ikapitishwa uzi, ikapewa nambari.

Folio ya pili ilihusu mlango.

"Nimeandika mlango umeoza," alisema Bi Salhiya. "Kilemba hakitoki kwa mlango ulooza. Jalada litakataa."

"Litakataaje? Si lako mwenyewe?"

"Ndo maana nnalijua. Halina huruma."

Suhaib akatengeneza mlango. Folio ya nne ikataka dari, ya sita ikataka umeme, ya saba ikataka rangi, nyeupe, akapaka, ikaandikwa kuwa hiyo si nyeupe, akapaka tena. Ada zote za darasa zikageuka chokaa. Folio ya tisa ilipotaka rafu za mbao na meza ya kaunta, Vespa ya buluu iliuzwa. Aliitazama ikikata kona na makalio ya mtu mwingine juu yake, akajiambia kwamba mvuvi haoni uchungu wa chambo.

Faizal, mwenye duka la viatu mkabala, hakukosa onyesho hata siku moja.

"Suhaib, umeajiriwa?"

"Nimewekeza!"

"Maana naona unaingia saa mbili na kutoka saa tisa. Na jana uliomba ruhusa kwenda kula."

Folio ya kumi na moja ilikuwa vigae. Mwalimu wa kujiajiri alipiga magoti chini ya rafu na brashi mkononi, na Bi Salhiya akasimama juu yake na kalamu.

"Kuna doa pale pembeni, mwanangu. Inama zaidi."

Akainama.

Alkhamisi asubuhi ilikuwa siku ya kilemba. Bi Salhiya aliandaa dua ya ufunguzi, kama ifanyikavyo, na halua na kahawa na mtaa mzima. Suhaib hakuwapenda mashahidi ila halua aliipenda. Tiketi ya boti ilikuwa mfukoni.

Dua ilipokwisha, Bi Salhiya alitoa karatasi ya mwisho kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulishika bahasha nene.

"Makabidhiano. Saini, nikupe chako."

Suhaib aliisoma bahasha kwa makini makubwa, unene wake, mikunjo yake, namna ilivyofungwa. Karatasi akaisaini. Ufunguo akautoa mbele ya watu wote, na kina mama wakapiga vigelegele.

Alifungulia bahasha barazani kwa Faizal. Ndani mlikuwa na nakala ya jalada zima, imetungwa uzi vizuri. Folio ya kumi na mbili hakuwahi kuiona. Ilikuwa barua kutoka Dar es Salaam, yenye saini ya marehemu.

"Bi Salhiya," aliandika Mzee Laxmidas, "nimekubali kukupangisha. Kwa kuwa matengenezo utayasimamia wewe, miaka miwili ya mwanzo hulipi kodi. Ufunguo upokee kwa kijana wangu Suhaib. Umkumbushe madirisha."

Folio ya kumi na tatu ilikuwa ile aliyotoka kuisaini: nimekabidhi kwa hiari yangu fremu pamoja na matengenezo yote, wala sina dai.

Suhaib alivuka njia kwa hatua mbili. Kibao kilikuwa kimeshatundikwa: BARUA, MAOMBI NA MAJALADA. Na foleni ilikuwapo. Alizijua sura zote. Mwalimu Maisara, nesi Nusrat, mpishi na kofia yake mkononi; wote walioacha kazi kwa mafundisho yake, wamekuja kuandikiwa barua za kuomba warudishwe.

"Bi Salhiya! Mzee Laxmidas ulimjuaje?"

"Barua yake ya kodi ya jengo hupita mezani kwangu kila Januari. Maiti haandiki, mwanangu. Tangu siku ya kwanza nlijua."

"Nnakwenda polisi!"

"Twende. Nichukue na folio ya kwanza, ile uliyomuulia mzee wa watu?"

Suhaib akashusha sauti. "Vespa yangu, Bi Salhiya. Jasho langu."

Bi Salhiya alifungua daftari lake la wino wa kijani, akalamba kidole, akafunua. "Somo la tatu. 'Anza kwa mtaji wa mwenzio.' Nimekunukuu neno kwa neno."

Mpishi alikohoa. Hakikuwa kikohozi.

"Basi angalau uniombe radhi," akasema Suhaib. "Mbele ya hawa hawa. Umenidhalilisha."

Bi Salhiya aliteremsha miwani, akasukuma karatasi moja juu ya kaunta. Ilikuwa barua kwa meneja wa hoteli ya Uroa, kuomba kazi ya mapokezi. Ilibaki saini tu.

"Hii nimekuandikia bure. Safari hii soma kwanza."

"Na radhi?"

"Radhi sikuombi. Leo sikuombi, na kesho usisumbuke kuja, kesho pia sikuombi. Anayefuata!"