Nilivyomhadaa Daktari wa Kwenye Simu

Jumatatu, 3 Machi
Miezi miwili sijakata hata suti moja. Mkasi nauchukua, naurudisha. Vitambaa vya wateja vimerundikana hadi dirishani. Ugonjwa huu naujua jina: uvivu. Dada hataki kusikia. Kaingia mtandaoni, kaniwekea miadi na daktari wa akili, Alhamisi saa nne, kwa simu! Kaapa harudi kwa mumewe mpaka niongee na daktari. Shemeji ananipigia kila asubuhi akidai mke wake.

Nimewaza. Eti kuna vidonge vya kumrudishia mtu hamu. Lakini hawampi mvivu, wanampa mgonjwa. Basi nitaugua! Ujanja sikuuanza leo.

Jumanne, 4 Machi
Dodoso la daktari limeingia. Hulali vizuri? Chakula hakipiti? Unajiona mzigo kwa watu? Nimepigwa na butwaa. Nani kawaambia? Kwa hila nikajibu “kila siku” mstari kwa mstari.

Kisha nikajiandaa kufanana na mgonjwa. Nisinyoe ndevu: hazijanyolewa tangu Januari. Nivuruge chumba: hapakubaki pa kuvuruga. Kazi imekwisha kabla sijaianza! Nimenunua kitunguu tu, cha kutolea machozi.

Alhamisi, 6 Machi
Makubwa! Nilitarajia mzee mwenye koti jeupe. Akatokea mwanamke mpole, ana kikombe cha chai. Akaniomba niizungushe simu aone ninapofanyia kazi. Akauliza gauni la bluu ni la nani. Gauni lipo nyuma ya mlango! Kaliona kwenye kioo cha ukutani. Macho gani yale? Nikasema ni la mteja, nimeishia mkono mmoja. Akauliza mara ya mwisho kushona huku napiga mluzi ilikuwa lini.

Machozi yakanibubujika. Kitunguu kimo mfukoni, hata sijakimenya! Bahati iliyoje.

Akauliza kama nimewahi kutamani nisiamke. Hilo sikuliandaa. Nikasema ndiyo, mara mbili. Sijui jibu lilitoka wapi. Akaweka kikombe chini, akaomba kuongea na dada. Wakaongea muda mrefu. Dada aliporudisha simu alinishika mkono, hakuuachia.

Nimeandikiwa dawa. Nimeshinda!

Ijumaa, 7 Machi
Kidonge ni kidogo kuliko kifungo cha shati. Nimekikodolea macho nusu saa. Hiki ndicho kitakachoninyanyua mimi, mtu mzima na viatu vyangu? Muuza dawa kasema nisubiri, wengine huchukua wiki kadhaa.

Fundi viatu wa chumba cha pili alisikia yote jana, ukuta wetu ni ubao mtupu. Kaniuliza kama nimerukwa na akili. Miaka kumi na moja tunagombania kivuli cha mlangoni, hanipati kwa maneno. Nikamjibu nimemhadaa daktari mzima. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Alhamisi, 3 Aprili
Karibu wiki nne: kinywa kikavu, tumbo linachafuka, kingine hakuna. Nikaanza kumlaumu daktari. Leo asubuhi nikasikia mtu anapiga mluzi humu dukani. Nikageuka. Mimi! Kufika saa sita gauni lina mikono miwili. Nimekaa nikaitazama ile mikono kama imeshonwa na mtu mwingine.

Nikampigia daktari, kafurahi mpaka kacheka. Kasema nisiache dawa hata nikijiona mzima. Dada karudi kwa mumewe. Kweli uongo wangu una baraka.

Jumamosi, 5 Aprili
Fundi viatu kaingia, kafunga mlango nyuma yake. Kwa sauti ya chini kaniomba nimfundishe uongo wangu. Nikamkalisha. Sema hulali. Sema chakula hakipiti. Sema unajiona mzigo. Kabla sijafika la nne kajifunika uso kwa aproni, analia mabega yanatikisika.

Kumbe jirani yangu ni mwigizaji wa kunishinda mimi! Nimemwekea miadi Jumanne, nitakaa naye pembeni. Maskini daktari, anaingizwa mjini mara ya pili.