Barabara Lazima Ipite Kilimani

Jumatatu, 7 Juni 1954. Hapa Baraka, kando ya ziwa.
Nimeiona kesho kwa macho yangu! Agronomo, bwana shamba wa serikali, amepita kilimani akichomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Mstari mrefu, umenyooka. Barabara, nini tena? Malori! Duka langu, Duka la Placide! Watu wa Fizi watashushia mizigo mlangoni pangu. Tatizo, kilima ni cha Isidore, kaka wa mke wangu Anastasie. Kazi yake kula na kulala. Hajui kitu, maskini.

Jumatano, 9 Juni.
Tumebadilishana. Shamba letu la kando ya ziwa, pamoja na mihogo yake, kwa kilima chake chote. Tumekunywa pombe ya ndizi mbele ya wazee, basi imekwisha. Isidore aliniuliza mara mbili kama sina homa. Anastasie alitwanga mihogo hadi jioni, kwa nguvu nisizozipenda.

Jumamosi, 19 Juni.
Mungu wangu. Kapita, mkuu wa kijiji, ametukusanya, agronomo akaeleza mpango. Vijiti si vya barabara. Ni msitu! Mvua inateremsha udongo wa kilima mtoni, kwa hiyo itapandwa miti, na hakuna atakayelima wala kujenga huko, hata wajukuu. Barabara itapita kando ya ziwa. Kijiji kizima kitahamia huko, kwenye shamba la Isidore. Yaani langu! Nilimpongeza. Mashavu yaliniuma.

Jumatatu, 21 Juni.
Nilikwenda kumwomba tufute. Mlangoni nikashindwa. Kumdai shemeji kitu mlichokwisha kukinywea ni aibu, itasimuliwa mpaka Nundu. Nikasema nimekuja kusalimia tu. Akanipa kiti. Nikamsaidia kuchagua mahali pa kujenga duka. Lake!

Alhamisi, 24 Juni.
Njaa. Anastasie amehamia kwa kaka yake. Kwetu mchikichi ni wa aliyeupanda, hata udongo ukipata mwenyewe mwingine, na ile yote shambani aliipanda yeye. Anavuna ngazi, yaani chikichi, anakamua mawese, anashiba. Nilimfuata kumkumbusha kwamba mimi ni mume. Hakuinua hata kichwa. Akasema: "Ngazi ni yangu. Udongo ni ya Isidore. We iko na nini?" Nilirudi peke yangu. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimelia.

Jumapili, 27 Juni.
Amerudi! Baada ya misa, na sufuria ya sombe, majani ya mihogo yaliyoungwa mawese. Sharti moja: nisiiguse nyumba hii, ndiyo pekee tuliyobakiza. Nimeapa, mkono juu ya msalaba. Nimekula mpaka nikaona haya.

Jioni nikatembea ufukweni. Vijiti! Vipya, mstari umenyooka, kwenye kinamasi cha Useni mvuvi. Bandari, nini tena? Ametandaza nyavu zake juu ya vijiti, eti anazianika. Mjanja huyo! Pombe hanywi, ni Mwislamu, basi kesho nampelekea chai na sukari. Yeye achukue nyumba, mimi nichukue kinamasi. Anastasie nitamwambia meli ya kwanza ikifika.