Zabuni ya Mabegi Mia Nne

Jumatatu, 14 Julai 2025

Kwako Shajara,
Salaam na heshima ipasayo.

YAH: KUSUDIO LA KULIVALISHA TAIFA MGONGONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Madhumuni ya kurasa hizi ni kuweka kumbukumbu ya namna mimi, Lukman Msafiri, fundi cherehani wa Nyakato, nilivyoingia katika uchumi wa ulinzi. Mwaka mpya wa fedha umeanza. Kikosi kimoja (jina nalihifadhi kwa sababu za kiusalama) kinatafuta mzabuni wa mabegi mia nne ya turubai, ya kubebwa mgongoni. Tangazo nimelisoma mara sita. Halina hata koma iliyopotea. Taasisi ya namna hiyo yastahili mzabuni wa namna yangu.

Nimemweleza mke wangu, Mwanaharusi. Alikuwa akishona vitenge vya sare ya harusi ya Misungwi, magauni ishirini na manne, harusi ikiwa Jumamosi. Aliuliza mabegi hayo nitayashona kwa cherehani ipi. Nilijibu: hiyo iliyopo. Akanikumbusha kwamba iliyopo ni yake, aliinunua kabla hajanijua, na kwamba mimi niliingia ndoani na futikamba tu.

Nimeyaandika hayo kwa kuwa kumbukumbu sharti ziwe kamili. Si kwa kuwa yana uzito.

Jumanne, 15 Julai

Nimekamilisha nadharia ya bei. Sokoni, muuzaji ana wanunuzi wengi. Katika ulinzi mnunuzi ni mmoja tu. Hakuna raia atakayepita jioni kuulizia kifaru kilichobaki. Basi mnunuzi huyo sharti aheshimiwe, na heshima ni bei. Begi rahisi ni tusi kwa askari na faraja kwa adui. Nimeandika shilingi laki mbili kwa kila begi. Barua ina kurasa nne. Nimeitia katika bahasha tatu, moja ndani ya nyingine, zote nimezipiga lakiri kwa nta ya mshumaa.

Getini nilipokewa na Sajenti Venant wa ofisi ya manunuzi, kijana mwenye adabu kavu. Aliipima bahasha mkononi na kuuliza kama ndani kuna mkate. Kisha akasema, mzee wangu, siku hizi bei zinaingizwa kwenye mfumo wa mtandao. Hapa tunapokea sampuli tu, mwisho Ijumaa saa nne asubuhi. Anashinda wa bei ya chini ambaye sampuli yake imekidhi vigezo.

Wa chini? Akasema wa chini. Nilimuuliza iwapo adui analifahamu jambo hilo. Akanionesha njia ya kutokea.

Jumatano, 16 Julai

Nadharia mpya. Ya jana ilikuwa ya mpito.

Nitaingia kwa shilingi elfu kumi na tano, bei isiyotosha hata turubai lenyewe. Hasara tupu! Lakini begi langu halitakuwa na mikanda. Nikishapewa mkataba, kikosi kitagundua kwamba begi la mgongoni linahitaji mikanda, nami nitaileta kama marekebisho, kwa bei nyingine. Hawataweza kuinunua kwingine, maana pete za begi langu zitapokea mikanda yangu pekee. Nashangaa kwamba mabwana wakubwa wa viwanda vya silaha duniani hawajaligundua jambo hili.

Mwanaharusi aliuliza, Baba Bushra, ukiuziwa suruali isiyo na miguu, utanunua? Nilimjibu kwamba uchumi ni taaluma.

Bei imeingizwa mtandaoni kwenye duka la stesheneri. Mfumo uliuliza idadi ya wafanyakazi. Nimejaza: zaidi ya mmoja. Mfumo umekataa. Nimejaza: wawili.

Turubai zito mjini analo Chetan peke yake; familia yake imeuza maturubai tangu enzi za babu yake. Kwa kuwa yeye pia huenda ni mshindani, nilificha kusudi langu. Nilisema nataka mita nne za kutandika mkeka wa msikiti, pamoja na pete nane za chuma na bizimu mbili za kufungia. Akauliza, fundi, huo mkeka unavaliwa begani? Kisha akasema bila haya kwamba zabuni ameiomba na yeye, akanipunguzia bei, na kuniombea kheri. Nyumbani nililipima turubai mara tatu. Zilitimia mita nne. Mtu huyu ni hatari kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 17 Julai

Balaa!

Vigezo vinataka begi la kijani, bila maandishi wala michoro. Nilijiuliza: kila mtu si ataleta kijani? Kamati itaona kijani juu ya kijani hadi macho yachoke. Askari moyo wake uko kwenye mabaka. Nikayachora mabaka kwa mkono wangu, kahawia, nyeusi na kijani cha majani makavu. Nikalitundika mlangoni likauke. Lilipendeza mno. Lilionekana tangu barabara kuu, jambo ambalo sasa nakiri ni dosari kwa kifaa cha kujificha.

Saa tisa akaja Masele, kamanda wa mgambo wa mtaa wetu, na vijana wake wawili. Aliuliza kama sijui kwamba raia haruhusiwi kuwa na kitu chochote kinachofanana na sare za jeshi. Nilimjibu kwamba nalijua hilo kikamilifu, ila mimi ni mzabuni. Akaomba mkataba. Nikampa barua yangu ya kurasa nne. Akasoma kichwa cha habari, akanirudishia, akasema mwandiko ni mzuri. Kisha akawaambia vijana wachukue vyote.

Wamechukua begi. Wamechukua rangi. Wamechukua cherehani, kama kielelezo, kwa mkokoteni.

Mwanaharusi alirudi kutoka sokoni akakuta meza ya mbao yenye tundu katikati. Magauni tisa hayajaguswa, na Jumamosi ni keshokutwa. Aliketi kwenye kiti chake, akaweka mikono mezani, pale cherehani inapokaa. Ningependelea kelele.

Ijumaa, 18 Julai

Niliamka alfajiri nikaandaa ombi la kurejeshewa mali: kurasa tano, aya zimepewa namba. Nikalisoma kwa kusimama katika ofisi ya mtaa, mbele ya Masele, naye akinisikiliza huku mgongo ameuegemeza ukutani. Katika ukurasa wa pili aliuliza tutafika lini kwenye shida yenyewe. Nilimjulisha kwamba hiyo ilikuwa dibaji.

Ndipo akaingia Mwanaharusi. Alisema shikamoo. Alisema, baba, mume wangu si mhalifu, ni mpumbavu, na kwa hilo sijaona kifungu. Alisema cherehani ni yake, risiti hii hapa, na Misungwi kuna bibi harusi analia. Kisha akamtazama Masele vizuri, akamwambia ageuke.

Masele akakataa.

Geuka baba, mimi ni fundi. Tangu nimeingia hujauacha huo ukuta.

Akageuka. Suruali ya kamanda ilikuwa imefumuka nyuma toka kiunoni hadi pasipotajika. Aliipasua jana, akipandisha cherehani yetu kwenye mkokoteni, na sare anayo hiyo moja! Mwanaharusi akaagiza kielelezo kiwekwe mezani. Kamanda alisubiri nyuma ya kabati, amejifunga khanga, akituomba tusimruhusu mtu kuingia. Dakika saba tu. Akatoka, akainama mara mbili kwa majaribio, akatamka kwamba cherehani haina kosa lolote. Begi litachomwa moto. Nami nitatia saini kiapo cha kutotengeneza tena kitu chenye mabaka. Kiapo kilikuwa na sentensi moja isiyo na kiima. Nilipotaka kuirekebisha, Mwanaharusi alinikanyaga mguu.

Kabla hatujaondoka Mwanaharusi alikuwa amepewa kazi ya mashati kumi na mawili ya mgambo. Bila barua! Bila hata bahasha! Huu ni utaratibu gani wa manunuzi ya umma?

Tulipofika nyumbani ilikuwa saa nne na nusu. Dirisha la sampuli limefungwa.

Jumatano, 23 Julai

Magauni yalifika Misungwi Jumamosi asubuhi, mawili ya mwisho yakiwa bado na pini. Bibi harusi ameshukuru kwa simu.

Leo amekuja Chetan. Ameshinda. Ana turubai, ana mtaji, ila hana fundi. Amemwomba Mama Bushra ashone mabegi yote mia nne. Hebu tazama uchumi huu: kikosi kinamlipa Chetan, Chetan anamlipa Mwanaharusi, Mwanaharusi ananipa chai. Kila ngazi fedha inashuka na jasho linapanda.

Mwanaharusi alitoa masharti: nusu ya malipo kabla, cherehani ya pili, na kila mita ya turubai ipimwe ikiingia na ikitoka, maana likipungua atalilipa yeye. Chetan alikubali yote. Kisha akauliza, na huyu mzee atafanya nini? Mwanaharusi akasema nitakata nyuzi.

Katika kumbukumbu zangu nimejiandika Msimamizi wa Ukamilishaji.

Jumapili, 27 Julai

Nimetafakari kwa siku nne na mkasi mkononi. Kosa halikuwa langu. Lilikuwa la bidhaa. Begi laweza kushonwa na yeyote. Mzabuni mwenye busara huuza kitu kisicho na mshindani.

Asubuhi nilitembea ufukweni mwa ziwa, nikaona boti ya doria ikipita. Ya kijivu! Inaonekana kutoka maili tatu! Na pembeni yake, yakielea bure, magugu maji, hekta kwa hekta. Boti ikifunikwa magugu maji, mvuvi haramu ataidhani ni ziwa. Magugu hunyauka baada ya siku tatu, hivyo kila siku ya tatu yatanunuliwa mapya. Hayo ndiyo huitwa matengenezo. Mabaka yake ameyachora Mwenyezi Mungu, hivyo kiapo changu hakiguswi.

Sampuli iko tayari, kilo sitini, mbichi. Ilihitaji kifungashio kisichovuja. Mwanaharusi yuko kwa dada yake hadi jioni. Nimekata mita kumi na mbili za turubai la Chetan.

Nimeandika hivi:

Kwa Mkuu wa Doria ya Ziwa. Ndugu, sampuli imeambatishwa na inachuruzika. Naomba uamuzi wako, ndiyo au hapana, kabla ya Jumatano, siku ambayo mke wangu atapima turubai.