Batani Nyingi Kuliko za Kipkirui

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku mbaya. Jirani yangu Kipkirui ameniita kwake nione kitu. Nikadhani amenunua ng'ombe mwingine. Heri ingekuwa ng'ombe! Binti yake Joan, aliye Uingereza, amemtumia kisanduku cha kidijitali cha kuongoza treni yake ndogo ya kuchezea ya mezani. Yangu naiongoza kwa kuongeza na kupunguza umeme, basi. Yeye anabonyeza nambari ya treni, anazungusha kidude, treni inatii. Taa zinawaka. Honi inalia. Ikifika stesheni inapunguza mwendo polepole, kama mzee anayeingia kanisani akiwa amechelewa.

Na fundi wa redio hapa Sosiot ni nani? Mimi, Obure! Ni mimi niliyemfundisha huyu mkamua ng'ombe kuunganisha reli! Nikamwambia ni kizuri, lakini honi ina kelele.

Janefer, mke wangu, akaja kuniita tukale. Akaona treni. Akapiga makofi. Treni yangu hajawahi kuipigia makofi. Huwa ananiambia tu niiondoe mezani.

Jumanne, 4 Machi

Mambo yamezidi. Madam Rebeccah, mwalimu mkuu, anataka treni zetu kwenye siku ya wazazi Jumamosi. Janefer akasema watoto watafurahi sana kuona ya Kipkirui. Ya Kipkirui!

Nimeshinda kwenye simu nikichagua kisanduku changu. Redio za wateja zingoje. Kuna vya kuzungusha kidude, kuna vya kuongoza kwa simu, kuna vikubwa vya watu wenye treni nyingi. Kipkirui amenishauri ninunue kidogo kama chake, kinatosha, tena tutasaidiana. Nimemwelewa vizuri sana. Anataka niwe wa pili.

Nikampigia muuzaji Nairobi. Swali langu lilikuwa moja: kipi kina batani nyingi zaidi? Akauliza nina treni ngapi. Nikamwambia hayo hayamhusu, atume.

Alhamisi, 6 Machi

Mzigo umefika! Nimeuchukua Kericho na kuutoa kwenye boksi huko huko, ili watu wa Sosiot wauone nikipita. Nyabate wa duka la mbolea akauliza kama ni mashine ya kupima presha. Mshamba.

Nikaunganisha. Nikazungusha. Treni haikwenda. Ikanguruma tu, ngrrrr, halafu ikaanza kunuka plastiki. Kitabu cha maelezo kinasema treni ya zamani lazima iwekwe chipu ndani kwanza, la sivyo itaungua. Kitabu chenyewe nilikifungua baada ya moshi.

Janefer akasema, "Si ungesoma kwanza, Baba Vinny?" Akafungua madirisha yote.

Ijumaa, 7 Machi

Kipkirui amekuja na maziwa na chipu. Joan alimtumia mbili. Amenipa bure, na tabasamu juu yake. Imeniuma mno.

Lakini nimeiweka mwenyewe, na treni inakwenda! Kipkirui akafurahi kuliko mimi. Halafu akasema chipu mpya zote huja na nambari tatu, na treni yake pia ni tatu, kwa hiyo nibadilishe yangu, tusije tukagongana. Nibadilishe mimi? Kwa nini yeye asibadilishe? Tatu ni yake kwa haki gani? Nikamwambia sawa, nitabadilisha.

Sijabadilisha.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una malengelenge.

Ukumbi ulijaa wazazi. Visanduku viwili haviwezi kuongoza reli moja kwa pamoja, kwa hiyo tulikubaliana Kipkirui aanze na chake, kisha tuunganishe changu. Aanze yeye! Basi nikaiweka treni yangu relini, imeangaliana na yake. Mpango: asimamishe yake mbele ya watu wote, aniombe niipishe.

Akauliza, "Nambari ulibadilisha, Baba Vinny?"

Nikasema, "Kitambo!"

Akabonyeza tatu. Akazungusha. Treni zote mbili zikaondoka, kila moja ikiifuata nyingine uso kwa uso. Nikapiga kelele asimamishe. Kipkirui hakunisikia. Honi ina kelele, nilisema mimi. Pwaa! Yake ikalala ubavu. Yangu ikaruka hadi ndani ya sufuria ya chai iliyokuwa kando ya meza. Nikatumbukiza mkono. Nikautoa haraka.

Watoto wakapiga kelele: "Tena! Tena!"

Madam Rebeccah akasema kwa upole, "Bwana Obure, hiyo ilikuwa chai ya wageni."

Kipkirui akachukua upawa, akaitoa treni yangu, akaifuta kwa koti lake la kanisani, gurudumu moja moja. Yake bado imelala. Roho ikaniuma. Kisha nikaona jinsi Janefer alivyokuwa akimtazama, ikaniuma zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Treni imekauka. Inakwenda, ila inanukia majani ya chai.

Asubuhi Kipkirui amekuja na kisanduku chake. Joan anamtumia kipya, cha kuongoza kwa simu. Hiki akasema nikichukue, bure, kwangu kitafaa kuliko changu cha batani nyingi. Nikamshukuru, nikakataa. Mimi si mtu wa kupewa makombo.

Saa tisa nikamwona Oketch, fundi viatu, akipita nacho kwapani. Kipkirui amempa! Oketch hana treni. Hana hata reli! Nikamwuliza atakifanyia nini. Akasema atafikiria, lakini ni kizuri, sivyo? Nikakitazama. Ni kizuri kweli. Kidogo, chepesi, kidude chake laini.

Nimemwomba tubadilishane na changu. Amekataa. Nimemwongezea redio. Amekataa. Kesho nitaongeza redio ya pili.

Janefer anauliza kwa nini sikukichukua asubuhi, cha bure. Haelewi. Asubuhi kilikuwa kisanduku tu. Sasa ni kisanduku cha Oketch.